Mashine ya aiskrimu nyumbani: ikishaganda itakaa wapi?

Kaskazi ikianza kuvuma na joto la Desemba hadi Machi likatushika, watoto wa Tanga hawaombi chai, wanaomba barafu. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Mkinga hadi Pangani, kitu baridi cha mtoto ni barafu ya ukwaju au ya ubuyu iliyofungwa katika kimfuko cha nailoni, inayonunuliwa kwa jirani mwenye jokofu. Mwezi wa Ramadhani ndugu zetu Waislamu huipanga foleni jioni kabla ya kufuturu. Aiskrimu yenyewe, ile ya maziwa, zamani ilikuwa ya hotelini. Siku hizi sivyo. Wapo ndugu wanaorudi kutoka Uarabuni na mashine ndogo ya kuitengenezea, wapo wanaoiagiza Dar es Salaam au Mombasa, na katika sherehe ya Komunyo ya Kwanza si ajabu kuambiwa kwamba aiskrimu unayokula imetengenezwa pale pale nyumbani. Ndipo akina mama wanapouliza: ile mashine yenye kompresa, inayojigandishia yenyewe, yafaa kununuliwa?

Msomaji aweza kushangaa kuona swali la vyombo vya umeme katika ukurasa wa afya. Lakini swali hili ni la afya kuliko linavyoonekana. Maoni yangu nayatoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote ajue nilipo. Familia inayokula aiskrimu yake siku ile ile yaweza kununua mashine ya kompresa, na kwa baadhi ya nyumba ndiyo njia iliyo salama kuliko nyingine. Familia inayotaka kujaza friza na kuuza mtaani isianze na mashine hii. Na hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayosafisha maziwa machafu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndipo wengi tunapokosea. Watu wengi wanaamini kwamba baridi inaua vijidudu. Wanaona nyama haiozi ndani ya jokofu, basi wanafikiri vijidudu vimekufa. Havikufa, vimelala. Vijidudu vya homa ya matumbo, vya kipindupindu na vya kuhara damu vyaweza kukaa hai ndani ya barafu kwa siku nyingi, na barafu ikiyeyuka tumboni mwa mtoto vinaamka na kuendelea na kazi yake. Kinachoua ni moto. Baridi inazuia vijidudu visizaliane, nayo huanza baada ya moto kumaliza kazi yake.

Mfano mmoja wa zamani unalieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1946, katika mji wa Aberystwyth ulioko pwani ya Wales, watu zaidi ya 200 walishikwa na homa ya matumbo, na baadhi yao walikufa. Uchunguzi uliwafikisha kwenye aiskrimu ya mtengenezaji mmoja. Mtu huyo mwenyewe hakuwa mgonjwa. Alikuwa amebeba vijidudu mwilini bila kujisikia vibaya, na mikono yake ikavipeleka katika chakula. Mwaka uliofuata, serikali ya Uingereza ilitoa kanuni kwamba mchanganyiko wa aiskrimu ya kuuza lazima upashwe moto kwanza ndipo ugandishwe. Na mtu asiseme kuwa hayo ni ya enzi za vita. Mwaka 1994 huko Marekani, nchi yenye viwanda vya kila aina, watu wanaokadiriwa kufika 224,000 waliugua kwa aiskrimu ya kiwanda kimoja. Mchanganyiko ulikuwa umeshapashwa moto vizuri, lakini ulisafirishwa katika magari ya tangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi, na ulipofika kiwandani haukupashwa tena. Moto ulipita, uchafu ukaja nyuma yake.

Hapa nchini mwaka 1997 kipindupindu kilishika watu zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,000. Sisemi kwamba kililetwa na barafu. Ninasema kwamba maji tunayoyaogopa tukiyaona kikombeni ni yale yale yanayotiwa katika kimfuko cha nailoni, na yakishaganda yanang'aa na hayaogopwi tena. Niongeze na hili, ingawa litawaudhi baadhi ya wauzaji: ule mtindo wa kupuliza kimfuko kwa mdomo ili kifunguke ni mbaya. Pumzi na mate ya muuzaji yanaingia kabla ya ukwaju.

Mkoa wetu umebarikiwa maziwa. Tangu miaka ya 1990 wafugaji wadogo wa Tanga wamekuwa wakikusanya maziwa yao kupitia vyama vyao vya ushirika na kuyapeleka katika kiwanda cha Tanga Fresh, ambako hupashwa moto na kufungwa. Mwenye kutumia maziwa hayo, yakiwa hayajapita tarehe na yamekaa kwenye baridi, ameanza vizuri. Mwenye kununua kwa jirani mfugaji, naye ananunua maziwa mazuri, lakini ayachemshe hadi yapande, bila kujali ng'ombe anaonekana mzima namna gani. Ugonjwa wa brusela, ule unaowatoa ng'ombe mimba, humpata binadamu kwa maziwa mabichi, naye akahangaika miezi na homa inayokuja na kuondoka huku akitibiwa malaria. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Maziwa yakikatika sufuriani usiyafiche kwa sukari na vanila. Yamekwisha.

Mayai ni jambo jingine. Mapishi mengi ya kizungu ya aiskrimu yanataka viini vya mayai. Visitiwe vibichi. Vipigwe na sukari, vimiminiwe maziwa ya moto kidogo kidogo, kisha vyote virudi jikoni kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka uji wake ushike mwiko. Asiyetaka shughuli hiyo aache mayai kabisa. Aiskrimu ya maziwa, sukari na embe dodo haiyahitaji. Mwenye kutumia tui la nazi ajue kwamba nalo huchacha upesi kama maziwa, basi lichemshwe, na maji ya kukunia nazi yawe yamechemshwa.

Mchanganyiko ukitoka motoni, usiuache mezani upoe wenyewe hadi jioni. Joto la nyumba zetu wakati wa kaskazi, nyuzi 30 na zaidi, ni joto linalopendwa sana na vijidudu. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, funika, badilisha maji mara mbili tatu, kisha liingie katika jokofu, si friza, likae kwa saa nne au usiku mzima. Mashine ya kompresa ikimiminiwa uji wa vuguvugu hufanya kazi mara mbili, na aiskrimu yake hutoka na chenga za barafu. Nimeona watu wakiilaumu mashine kwa kosa la sufuria.

Sasa mashine yenyewe. Kompresa ni lile pampu jeusi lililo nyuma ya jokofu. Linakandamiza gesi, gesi inapata joto na kulitoa nje kupitia mabomba ya nyuma, kisha inaachiwa ipanuke upande wa ndani, na ikipanuka inanyonya joto la kilichomo. Wazee wetu waliofanya kazi katika zahanati za misheni wanakumbuka majokofu ya mafuta ya taa yaliyotunza chanjo. Yale hayakuwa na kompresa, yaliendeshwa na moto mdogo wa utambi, na yalipoza taratibu. Mashine ya aiskrimu ya kompresa ni jokofu dogo lililozungushiwa bakuli moja, na ndani ya bakuli kuna mwiko unaozungushwa na mota. Mwiko ule ndio siri ya aiskrimu laini. Unakwangua kinachoganda ukingoni na kukirudisha katikati, na unaingiza hewa kidogo. Kwa mashine za nyumbani kazi hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa moja, na bakuli hubeba lita moja hadi mbili. Lakini usijaze hadi juu, maana kinachoganda kinaumuka. Theluthi mbili zatosha.

Ipo aina ya pili isiyo na kompresa. Hiyo ina bakuli lenye kuta nene zilizotiwa maji maalumu, nalo hulazwa ndani ya friza kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kazi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya kompresa, ambayo mara nyingi hufika bei ya jokofu dogo. Wauzaji wataipendekeza kwa mwenye friza, nami siwapingi, kama friza inafika kweli nyuzi 18 chini ya sifuri na umeme haukatiki usiku. Umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi una bakuli lililopoa tu, na maziwa uliyoyachemsha jana yanasubiri.

Ya tatu ni kongwe kuliko zote, na naitaja kwa sababu huku pwani tumeisahau bila sababu. Mwaka 1843 mama mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alisajili ndoo yake ya kutengenezea aiskrimu kwa mkono. Ni ndoo ya mbao, ndani yake chombo cha bati, na katikati ya viwili hivyo barafu iliyopondwa na chumvi, sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi. Chumvi huiyeyusha barafu, na barafu inapoyeyuka kwa namna hiyo baridi yake hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Mtu anazungusha mpini kwa nusu saa, watoto wanapokezana, na aiskrimu inapatikana bila hata waya mmoja. Chumvi tunayo. Mashamba ya chumvi yako hapa hapa pwani ya Mkinga. Barafu ya mapande tunaijua sokoni Deep Sea, kwa wauza samaki. Lakini barafu ya samaki ibaki nje ya chombo, isiguse kabisa kinacholiwa, mfuniko ubane, na kabla ya kufungua upanguswe maji ya chumvi kwa kitambaa safi. Kwa sherehe ya kijijini kusiko na umeme, sioni njia bora.

Turudi kwenye kompresa. Jambo ambalo tangazo la dukani halilisemi ni kwamba mashine hii inagandisha lakini haihifadhi. Aiskrimu inatoka laini, ikiwa na baridi ya nyuzi tano hadi nane hivi chini ya sifuri. Ukiila wakati huo ni tamu kuliko siku nyingine yoyote. Ukitaka kuiweka, lazima iingie katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuanzia hapo uhai wake unategemea friza na TANESCO, si mashine. Ndiyo maana ninasema swali la kwanza si la lita ngapi wala rangi gani. Ni hili: ikishaganda itakaa wapi?

Kama jibu ni "itakaa matumboni mwa watoto saa hiyo hiyo", basi kompresa ina faida ambayo watu hawaioni. Nyumba yenye jokofu la kawaida, hata kama sehemu yake ya barafu ni dhaifu, inachemsha maziwa jioni, inayalaza ndani ya jokofu, na kesho baada ya chakula cha mchana mashine inafanya kazi dakika 40. Kila mtu anapata bakuli lake, chombo kinaoshwa, hakuna kilichobaki. Hakuna cha kuyeyuka usiku na kuganda tena alfajiri. Kwa umeme, si mzigo. Mashine ya wati 150 au 200 ikienda saa moja haifikishi hata robo ya uniti ya LUKU, wakati friza inakula uniti moja au mbili kila siku, iwe na kitu au iwe tupu.

Na umeme wenyewe tunaujua. Twaishi karibu na mto Pangani, wenye mitambo ya Hale tangu mwaka 1964 na ile mipya ya Maporomoko ya Pangani tangu 1995, lakini umeme ni wa gridi ya nchi nzima, na mabwawa yalipokauka miaka ya 1992, 1994, 2006 na 2011 sisi tulikaa gizani kama wengine. Mgawo ulirudi mwaka 2023. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na hali ikawa nafuu, lakini bwawa haliwezi kuzuia nguzo iliyooza isianguke wala transfoma isiungue. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kushikilia baridi siku moja hadi mbili, ikiwa nusu tupu ni siku moja, na kwa joto letu tuhesabu pungufu ya hapo. Aiskrimu iliyoyeyuka ikawa maji, kisha umeme ukarudi ikaganda, haionyeshi alama yoyote kwa mtoto. Wewe mama, utajuaje kama ulikuwa safarini Korogwe kwenye msiba? Gandisha maji katika kikombe, weka sarafu ya shilingi 100 juu ya barafu, na ukiacha ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini, umeme ulikatika muda mrefu na vyote viliyeyuka. Aiskrimu imwagwe, hata kama inauma.

Mwenye kuamua kununua kompresa asiangalie tu picha ya kwenye boksi. Ageuze mashine asome kibati chake. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani, ya volti 110 au 120, ikichomekwa hapa itatoa moshi siku ya kwanza, na transfoma ya kuipunguzia umeme ni gharama nyingine. Kwenye kibati hicho, mashine nyingi za kupoza huandikwa pia herufi za hali ya hewa, nazo wauzaji wenyewe hawazijui. N maana yake imetengenezwa kufanya kazi katika nyumba yenye joto lisilozidi nyuzi 32, ST ni hadi 38, T ni hadi 43. Jikoni Tanga mwezi wa Februari, mchana, jiko likiwaka, nyuzi 32 zimeshapita. Tafuta T, au kwa uchache ST. Ile ya N itanguruma saa nzima na kukupa uji.

Gesi yake nayo imeandikwa. Mashine mpya nyingi zina R600a, ambayo haiharibu anga lakini hushika moto, kwa hiyo isiwekwe jirani na jiko la mkaa wala gesi, na bakuli lisichokolewe kwa kisu. Ukikuta chombo cha mtumba kimeandikwa R12, kiache. Ni gesi ya zamani iliyopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na fundi mwaminifu hatakuwa nayo ya kukujazia.

Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko lita na wati ni bakuli. Chagua mashine ambayo bakuli lake la ndani linachomolewa. Zipo zenye bakuli lililoshikamana na mwili wa mashine, na hizo huwezi kuzipeleka kwenye maji. Utapangusa kwa kitambaa, utaona pamependeza, na chini ya ule msumari unaozungusha mwiko patabaki maziwa ya juzi. Kitambaa cha jikoni, tuseme ukweli, mara nyingi ni kichafu kuliko kinachopanguswa. Bakuli linalotoka lioshwe kwa maji moto na sabuni mara tu kazi inapokwisha, lisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, likauke kwa hewa. Mwiko na mfuniko vivyo hivyo, pamoja na ule mpira mwembamba wa mfuniko ambao kila mtu anausahau. Anayeosha vyombo hivi na anayepakua awe mtu asiyeharisha. Ameharisha leo, apumzike kazi hiyo kwa siku mbili tatu baada ya kupona, hata kama ndiye mpishi bora wa nyumba. Tukumbuke yule wa Aberystwyth.

Ikifika nyumbani kutoka safari, hasa kama ililazwa kwenye basi, isimamishwe wima na iachwe usiku mzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Iwe na nafasi ya kiganja kila upande wa matundu ya hewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa plagi, na ukirudi subiri dakika kumi ndipo uwashe. Kile kifaa kidogo kiitwacho friji gadi hufanya kusubiri huko chenyewe, na hukata umeme ukishuka au kupanda mno. Sioni sababu ya mtu kutoa fedha nyingi hivyo kwa mashine akashindwa kununua friji gadi.

Nani asinunue? Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inapaswa kufikiri mara mbili, si kwa sababu ya mashine bali kwa sababu kitu kilichopo mezani huliwa. Kikombe cha aiskrimu ya gramu 100 hubeba sukari ya gramu 20 hivi, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima kwa mtu mzima. Watu wazima wengi wa kwetu pia husumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa matamu, nao wajaribu mtindi. Mtindi wetu, ukichanganywa na embe au na machungwa ya Muheza na sukari kidogo, huganda vizuri ndani ya mashine, na mimi binafsi naupenda kuliko vanila. Wapo wengine ambao aiskrimu ni msaada kwao: mgonjwa mwenye vidonda mdomoni, au anayetibiwa saratani na chakula cha moto kinamchoma. Vijiko vichache vya maziwa baridi yaliyogandishwa humpa nguvu bila maumivu. Lakini huyo huyo ndiye mwili wake hauna ulinzi, basi yake ichemshwe, itengenezwe siku ile, isiwe ya kutoka friza ya jirani. Mtoto aliye chini ya miezi sita hana haja nayo kabisa, ana ziwa la mama.

Limebaki lile la biashara, nalo najua linawagusa akina mama wengi kuliko yote niliyosema. Mtu amekopa kwenye kikundi, ada ya shule inakaribia, anaona mashine ya kompresa kama duka lililokamilika. Afanye hesabu kwanza. Lita moja na nusu kwa saa ni vikombe vidogo kumi na tano hivi, na baada ya kupakua mara mbili tatu mashine ya nyumbani inataka kupumzika, kwa kuwa haikutengenezwa kufanya kazi kutwa. Vikombe vile vitahitaji friza hata hivyo. Kwa hiyo mkopo uanzie friza nzuri, friji gadi, sufuria kubwa yenye mfuniko na ndoo ya bomba ya kunawia mikono. Kwa vitu hivyo tu aweza kuuza barafu za ukwaju na mtindi zilizotoka kwenye maji yaliyochemshwa, na akawaambia wateja wake hivyo. Aende kwa bwana afya apimwe na kibanda chake kikaguliwe. Aulize TBS pia, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia ubora na usalama wa vyakula baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA. Ofisi ya SIDO Tanga ni mahali pengine pa kuuliza kuhusu usindikaji.

Anayeuziwa mashine kwa mtu, si dukani, aombe iwashwe mbele yake ikiwa na maji vikombe viwili ndani ya bakuli. Baada ya dakika ishirini maji yawe yameanza kushika barafu ukingoni, na mwiko uwe unazunguka bila kukwama. Asiyekubali kuiwasha, usimpe fedha.